Jinsi ya kusoma riwaya ya picha ya upelelezi ya Kifaransa: anza na Nestor Burma kwenye daraja la Tolbiac

Watu ninaowaazima kitabu hiki hukirudisha baada ya siku mbili wakisema wamekimaliza. Nikiwauliza mpelelezi alikuwa upande gani wa mji alipoanza kushtuka, wanabaki kunitazama. Maneno wameyasoma. Picha wamezipita kama abiria wa daladala anavyopita mabango ya barabarani, na kumbe nusu ya hadithi ilikuwa humo kwenye picha.

Kitabu chenyewe ni Brouillard au pont de Tolbiac, yaani "Ukungu kwenye daraja la Tolbiac". Léo Malet aliiandika kama riwaya ya maneno peke yake, bila picha, ikatoka mwaka 1956. Miaka mingi baadaye Jacques Tardi akaichora. Ilitoka kwanza kwa mafungu katika jarida la (À suivre), ambalo jina lake maana yake ni "itaendelea", na mwaka 1982 kampuni ya uchapishaji ya Casterman ikaichapa kama kitabu kizima. Nimekichagua hiki kimoja kwa makusudi. Ukijua kukisoma vizuri, vingine vya ukoo wake utavifungua bila woga.

Mwongozo huu unamfaa mwenye Kifaransa cha kuombea maji, unamfaa aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi kule Bukavu au Lubumbashi, na unamfaa pia anayetumia tafsiri ya Kiingereza, maana ipo. Muuaji sitamtaja.

Kabla ya kufungua: mjue unayemfuata

Usianze na ukurasa wa kwanza. Anza na Malet mwenyewe, kwa sababu hadithi hii imechotwa kwenye maisha yake.

Alizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1909. Wazazi walimfia akiwa mdogo, akalelewa na babu yake aliyekuwa fundi wa mapipa. Mwaka 1925, kijana wa miaka 16, akaenda Paris. Aliimba kwenye kilabu cha Montmartre, akajiunga na waanakisti, wale wasiotambua serikali wala bosi, akawa analala popote anapopata. Mojawapo ya mahali hapo palikuwa hosteli ya waanakisti wasiokula nyama, kwenye barabara ya Tolbiac, wilaya ya 13. Miaka ya 1930 alikuwa mshairi katika kundi la André Breton, kiongozi wa wasurrealisti, wasanii waliochota kazi zao kwenye ndoto. Vita vilipokuja, Wajerumani wakamfunga kambini mwaka 1940. Aliporudi Paris iliyokuwa bado mikononi mwa Wajerumani akaandika 120, rue de la Gare, iliyotoka mwaka 1943, na humo ndimo mpelelezi Nestor Burma alimozaliwa.

Kuanzia mwaka 1954 Malet alijipa kazi ya kuandika kitabu kimoja kwa kila wilaya ya Paris. Wilaya ziko 20. Alifika 15, akaishia hapo mwaka 1959. Kitabu cha Tolbiac ndicho cha wilaya ya 13, na sasa unaona uzito wake: Burma anapoitwa kurudi kwenye mitaa hiyo, anarudi kwenye njaa ya ujana wake, na aliyemwandika alikuwa ameionja njaa hiyohiyo mahali palepale. Ukilijua hili, kila kisanduku, yaani picha moja ndani ya fremu yake, ambamo Burma anatembea peke yake bila kusema neno kitakugusa kwa namna nyingine.

Burma ana ofisi ya upelelezi wa kibinafsi iitwayo Fiat Lux, maneno ya Kilatini ya kitabu cha Mwanzo: "na iwe nuru". Katibu wake ni Hélène Chatelain, mwanamke mwenye akili kuliko wateja wengi wanaoingia mle. Kamishna Florimond Faroux ni polisi anayemheshimu Burma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Marc Covet ni mwandishi wa habari, rafiki wa Burma na wa chupa. Majina haya manne yaandike mwanzoni mwa daftari lako. Yanarudi katika vitabu vingi vya Burma.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja ambayo hatuitumii. Sisi tumelelewa na wapelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anavuta kiko, anatulia, anaunganisha mambo, na mwisho anawakalisha watu chini awaeleze. Willy Gamba wa Elvis Musiba ana nchi nzima nyuma yake. Sasa mtazame Burma. Naye ana kiko, chenye kichwa cha fahali, lakini hana utulivu wa Bwana Msa wala serikali ya Willy Gamba. Anapigwa. Anazimia. Anachelewa. Mtu anayehitaji kuokolewa anaweza kufa kabla Burma hajapanda ngazi. Hapo ndipo penye maana ya neno "noir", jeusi, linalopewa hadithi hizi: fumbo linaweza kufumbuliwa na bado hakuna kilichopona. Jina hilo lilishika hasa baada ya Marcel Duhamel kuanzisha msururu wa Série noire katika kampuni ya Gallimard mwaka 1945. Malet alikuwa ameshaanza miaka miwili kabla.

Kukipata

Alliance Française za Nairobi na Dar es Salaam zina maktaba, na Congo kuna Institut français katika miji mikubwa. Uliza rafu ya "bande dessinée", yaani vitabu vya picha, au sema tu "BD", kila mtu ataelewa. Vitabu hupangwa aghalabu kwa jina la mchoraji au la msururu, kwa hiyo tafuta Tardi kwanza, kisha Nestor Burma. Institut français pia wana maktaba ya mtandaoni iitwayo Culturethèque, ambamo mwanachama huweza kusoma vitabu vya picha. Ukisomea kwenye simu, igeuze ilale, na ukatae ile njia ya kuonyesha kisanduku kimojakimoja. Tardi alipanga ukurasa mzima. Ukikatiwa vipande, unanyang'anywa kazi yake.

Hatua ya kwanza: macho peke yake

Usomaji wa kwanza ni wa kutazama. Weka kamusi mbali. Kaa mahali penye mwanga wa kutosha, kwa sababu kitabu ni cha rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, na hicho kijivu kina kazi. Pita kitabu kizima, kurasa zisizofika 100, bila kulazimisha kuelewa mazungumzo.

Aliyekulia na gazeti la Sani, akawafuata Ndumilakuwili na Lodi Lofa, tayari anajua kusoma kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini. Anachopaswa kubadilisha ni mwendo. Katuni ya kuchekesha inakukimbiza kwenye kicheko cha mwisho. Tardi anakuzuia. Ukiona kisanduku kipana kisicho na neno, mtaa mtupu, ukuta uliolowa, nguzo za reli ya juu, usikiruke. Hesabu moja mpaka tano. Kisha uliza mambo matatu: ni mchana au usiku? Nani yupo kwenye picha na hana kazi hapo? Ukungu umeficha nini?

Tuchukue mwanzo, maana hauharibu kitu. Ni Novemba, mwaka 1956. Burma yuko ndani ya metro na barua mkononi. Aliyemwandikia yuko hospitali ya Salpêtrière, jina lake ni Abel Benoit, na Burma hamkumbuki mtu wa jina hilo. Anasoma barua, anasoma tena. Ndani ya behewa hilohilo kuna binti wa Kigitana (watu wanaoitwa pia Waroma), Bélita, na binti huyo anamfuata.

Msomaji wa haraka anaishika barua na kusahau mengine. Wewe mtazame binti. Angalia yuko umbali gani na Burma katika kila kisanduku, anaangalia wapi, na Burma anajua au hajui kuwa anafuatwa. Tardi huwachora watu wengine kwa uso mwepesi sana, mistari michache, macho kama vitone, halafu nyuma yao anachora jengo kwa uangalifu wote: kila dirisha, kila bomba la maji, kila bango lililochanika. Mara ya kwanza niliona ajabu, nikadhani ni upungufu. Sasa naona ndivyo alivyotaka. Watu wanapita na mtaa unabaki, na ni mtaa uliokuwepo siku uhalifu ulipotendwa.

Ukimaliza kupita kitabu kizima kwa macho, funga, uandike mistari kumi ya kile unachodhani kimetokea. Usijali ukikosea. Mistari hiyo utaihitaji.

Hatua ya pili: tenganisha sauti mbili

Kwenye ukurasa kuna maneno ya aina mbili na yanasemwa na mtu yuleyule kwa nyakati mbili. Maneno ndani ya mstatili, juu au chini ya picha, ni Burma anayesimulia baadaye, mambo yakiwa yamekwisha. Maneno ndani ya kiputo ni Burma, au mwingine, akisema palepale. Anayesimulia anajua mwisho. Anayezungumza hajui. Kati ya hao wawili ndipo mwandishi anapokuchezea.

Kifaransa chenyewe kinakuonyesha tofauti. Kwenye mistatili utakutana na wakati uliopita wa kitabuni, ule ambao hakuna Mfaransa anayeutumia akiagiza kahawa: je compris, il tomba, elle disparut. Kwenye viputo jambo hilohilo litakuwa j'ai compris, il est tombé, elle a disparu. Kama shuleni hukufundishwa umbo la kwanza, huhitaji kulijua kulisema. Jifunze kulitambua tu. Miishio ya -a, -it, -ut na -èrent itakutosha kwa sehemu kubwa, na ukiona fut ujue ni "alikuwa" na eut ni "alipata" au "alikuwa na".

Viputo navyo vina ugumu wake, kwa sababu vimeandikwa kama watu wanavyosema. Neno "ne" la kukanusha linadondoka, "tu as" inakuwa t'as, "il y a" inakuwa y a, "je ne sais pas" inakuwa j'sais pas. Ukikwama, soma kwa sauti. Sikio mara nyingi linaelewa kile ambacho jicho limekataa.

Nakushauri upige penseli nyembamba, kama kitabu ni chako, alama moja kwenye mistatili ambayo Burma anasema jambo ambalo picha iliyo chini yake haionyeshi. Anasema alikuwa mtulivu, na picha inaonyesha kiko kimezima mdomoni. Anasema mtaa haukuwa na mtu, na kule mwisho kuna kivuli. Siyo kila mara ni kidokezo. Lakini mazoea ya kulinganisha maneno na picha ndiyo yanayomtofautisha msomaji wa riwaya ya picha na msomaji wa riwaya ya kawaida.

Hatua ya tatu: lugha ya mtaani

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na mimi hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Malet aliandika kwa Kifaransa cha vijiweni, na kamusi ndogo ya shule haitakusaidia. Tumia Trésor de la langue française, kamusi kubwa inayopatikana bure mtandaoni kwenye tovuti ya CNRTL. Inakupa maana ya mtaani, inakupa na mifano ya zamani. Lakini kabla ya kukimbilia huko, jifunze mafungu machache, kwa sababu lugha hii ina mantiki, kama mantiki ya Kiswahili chetu cha mtaani.

Polisi ni flic, na pia poulet, yaani kuku. Inaelezwa kuwa ni kwa sababu makao ya polisi ya Paris, kwenye kisiwa cha Cité, yalijengwa palipokuwa na soko la kuku. Ukilisoma poulet kwenye kiputo usitafute chakula. Soma ndata au njagu kama uko Dar, soma karao kama uko Nairobi. Gari lao la kubebea watu ni panier à salade, kikapu cha saladi, na sisi neno tunalo: karandinga. Ukiona Quai des Orfèvres limetajwa, basi ni yaliyokuwa makao ya wapelelezi wa jinai hadi mwaka 2017, nambari 36, kando ya mto Seine.

Jikoni ndiko maneno ya mahojiano yanakotoka. Cuisiner, kupika, ni kumhoji mtu kwa muda mrefu mpaka alainike. Se mettre à table, kukaa mezani, ni kukubali na kusema yote. Passer à tabac, ambamo unasikia tumbaku, ni kumpa mtu kipigo. Ukiyapanga hivyo, sentensi nzima inafunguka. Chukua mfano huu wa kwangu mwenyewe, hauko kitabuni: Les poulets l'ont cuisiné toute la nuit, mais il s'est pas mis à table. Neno kwa neno ni kuku waliompika usiku kucha na yeye hakukaa mezani. Kwa lugha ya mtaa wetu: njagu wamembana usiku kucha, jamaa hakutapika kitu.

Umeona kilichotokea? Nimetafsiri mtaa kwa mtaa. Hili ndilo zoezi ninalokuhimiza: usiandike pembeni ya ukurasa maana sanifu, andika neno la kijiweni kwako. Fric, pognon, oseille na blé, vyote ni pesa (oseille ni mboga ya majani, blé ni ngano), basi andika mkwanja, chapaa, mshiko. Bagnole ni gari. Clope ni sigara. Godasses ni viatu. Mec na type ni jamaa. Flingue, pétard na feu ni bastola. Macchabée ni maiti. Refroidir, kupoza, ni kuua. Casser sa pipe, kuvunja kiko, ni kufa, na kwa mpelelezi ambaye kiko hakimtoki mdomoni msemo huo unakaa vibaya masikioni.

Usitafute kila neno. Weka sheria: maneno matano kwa ukurasa, yale yanayorudi. Mengine picha itayabeba.

Neno moja la tahadhari. Wagitana katika kitabu hiki wanatajwa kwa maneno na dhana za Paris ya miaka ya 1950, na baadhi ya maneno hayo leo ni matusi. Yaelewe, usiyachukue ukayatumia mitaani Paris ukidhani ni Kifaransa kizuri cha zamani. Na Bélita mwenyewe msome kama mtu mzima mwenye sababu zake, maana kitabu kinampa nafasi hiyo.

Na pesa zenyewe: kiasi kikubwa kinachotajwa ni faranga za zamani. Faranga mpya ilianza tarehe 1 Januari 1960, na 100 za zamani zikawa 1 mpya. Usishtuke mtu akilipa maelfu kwa kitu kidogo.

Hatua ya nne: ramani

Fungua ramani ya Paris kwenye simu au, vizuri zaidi, chapa karatasi moja ya wilaya ya 13. Wilaya za Paris zimepangwa kama konokono: ya 1 iko katikati, kisha zinazunguka kuelekea nje kwa mwelekeo wa saa. Ya 13 iko kusini mashariki, ukingo wa kushoto wa Seine.

Tia alama mahali hapa: stesheni ya Austerlitz, hospitali ya Salpêtrière iliyo jirani yake, Place d'Italie, barabara ya Tolbiac, kichochoro cha Hautes-Formes, na daraja lenyewe linalovuka kwenda wilaya ya 12, upande wa Bercy. Sasa, kila Burma anapotoka mahali kwenda mahali, chora mstari kwa penseli. Baada ya kurasa ishirini utagundua anazunguka eneo ambalo mtu mwenye miguu mizima analimaliza kwa kutembea. Kila kitu kiko karibu na kila kitu. Waliosahauliana wanaishi mitaa miwili mbali. Ramani ilinieleza hilo kabla ya Burma.

Laini ya 5 ya metro ukiitazama kwenye ramani utaelewa mengine. Inavuka mto juu ya daraja la chuma, inapita ndani ya jengo la stesheni ya Austerlitz kwa juu, kisha inashuka kuelekea Place d'Italie. Kwa mchoraji, hiyo ni zawadi: chuma, moshi, maji na ukungu, vyote kwenye safari moja. Zitafute picha hizo kitabuni, na ukizipata geuza kichwa uangalie jinsi weusi wa chuma unavyokata kijivu cha hewa.

Kuna jambo la kusikitisha ambalo ramani ya leo itakuonyesha. Tardi alipokuwa anachora, sehemu kubwa ya mitaa ya Malet ilikuwa imeshavunjwa, na majengo marefu ya miaka ya 1970 yamesimama mahali pake. Alikuwa anachora mji uliokwisha kuondoka. Na baada yake mengine yakafuata: karibu na daraja, palipokuwa na reli na mabohari, sasa ipo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, minara minne iliyokunjwa kama vitabu vilivyofunguliwa, iliyozinduliwa mwaka 1995. Bohari moja kubwa la kugandishia vyakula lilinusurika, linaitwa Les Frigos, na limekuwa karakana za wasanii. Kwa hiyo ukipitia mtaa huo kwenye picha za setilaiti, usitegemee kuuona wa Burma. Uko ndani ya kitabu tu, na ndiyo maana nasema uzisome kuta zake.

Hatua ya tano: daftari la majina na tarehe

Hii ni hatua kavu, nitaipitisha haraka, lakini usiiruke. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: jina, mara ya kwanza kuonekana (ukurasa), na anachosema kuhusu zamani. Hiyo safu ya tatu ndiyo muhimu. Hadithi inarudi kwenye nyakati mbili za nyuma: miaka ya 1920 ya waanakisti vijana, na uhalifu wa mwaka 1936 ambao haukupata jibu. Mtu akisema "zamani zile", andika ni zamani ipi. Na usimwamini mtu kwa sababu tu ametaja jina lake. Mtu anaweza kuwa na jina moja hospitalini na jingine kwenye kumbukumbu za marafiki.

Hatua ya sita: rudi mwanzo ukijua

Sasa umeshamjua mhusika wa uhalifu. Pumzika siku mbili tatu, kisha soma mara ya tatu, na mara hii usisome kwa ajili ya hadithi.

Chukua ile mistari kumi uliyoiandika baada ya kutazama picha tu. Linganisha. Utakuta uliona mambo fulani kwa macho ambayo ulipoanza kusoma maneno uliyaacha, kwa sababu Burma alikuvuta upande mwingine. Kwangu ilikuwa uso wa mtu mmoja kwenye chumba, nilioutilia alama ya kuuliza siku ya kwanza na kuusahau kabisa wiki nzima.

Kisha fuata ukungu peke yake. Tafuta kurasa ambazo ni mzito, na zile ambazo umekwisha. Tardi hauweki kwa sababu ya jina la kitabu. Angalia nani anatoka ndani yake na nani anaingia.

Mwisho, mfuate Bélita peke yake tangu behewa la metro hadi kurasa za mwisho, visanduku vyake tu. Hii itakuchukua dakika ishirini. Fanya jioni, usiwe na haraka ya kwenda popote.

Baada ya Tolbiac

Tardi aliendelea na Burma: 120, rue de la Gare mwaka 1988, kinachoanzia kwenye kambi ya wafungwa na kupita Lyon kabla ya Paris, kirefu na kizito zaidi, kisha Casse-pipe à la Nation mwaka 1996 na M'as-tu vu en cadavre? mwaka 2000. Wachoraji wengine, Emmanuel Moynot na baadaye Nicolas Barral, walipokea msururu wakiifuata sura ile ya Burma aliyoibuni Tardi. Ningekushauri kusoma 120, rue de la Gare cha pili, siyo cha kwanza, kwa sababu kina watu wengi na safari nyingi, na utashukuru kuwa na daftari.

Ukitaka weusi mkali zaidi wa Tardi, usio na Burma wa kukufariji, nenda kwa kazi zake na Jean-Patrick Manchette, hasa Le Petit Bleu de la côte ouest ya mwaka 2005. Humo hakuna mpelelezi, kuna mtu wa kawaida mwenye kazi nzuri anayeanza kuwindwa.

Na msomaji wa Congo asipitwe na Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani, ambaye pamoja na mwandishi Frank Giroud alichora misururu ya Eva K. na Mandrill kwa soko hilohilo la Ulaya, kisha mwaka 2014 akachora Madame Livingstone, hadithi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye ziwa Tanganyika. Mbinu zilezile zinafaa kwake: macho kwanza, maneno baadaye, na ramani mezani. Kwa hiyo ya ziwa, ramani wengi wetu tunayo kichwani tayari.